Nyuroni yangu haifyatuki, na mama anauliza habari za dawa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi Makorora, Tanga. Nilimaliza kidato cha sita mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), alama zikaniangusha, udaktari nikaukosa. Tangu mwaka juzi nakaa kwenye kibanda cha mjomba, Ngamiani, barabara ya 12. Ni wakala wa pesa za simu, tunauza na vocha.

Nina mdogo wangu wa kike, miaka 14, ana kifafa. Kilimwanza akiwa darasa la tatu. Mtaani kwetu kila mtu alikuwa na lake: huyu anasema majini, huyu jicho la watu, huyu mambo ya ukoo wa baba. Alichanjwa, akafukizwa, akavalishwa hirizi. Mwishowe akapelekwa kliniki, akaanzishiwa vidonge, na kuanguka kukapungua sana. Mimi nikabaki na swali: kama vidonge vimeweza, basi vinamgusa nani humo kichwani?

Swali hilo ndilo lililonipeleka intaneti. Nikapata kozi za utangulizi wa sayansi ya ubongo na neva, za bure. Nimeshamaliza video za kozi tatu. Naangalia usiku kwa sababu bando la usiku ni nafuu, kwa kompyuta ya mtumba yenye RAM ya GB 4. Majina yote nayajua, Shangazi. Niamshe saa nane usiku nitakutajia sehemu za nyuroni, yaani seli ya neva, kutoka kichwani hadi mkiani. Lakini ilipofika milinganyo, nikazama. PCB tulisoma hesabu za BAM, zile za msingi, tu, zile kubwa hatukuzigusa.

Hata hivyo nikajaribu kuunda nyuroni kwenye kompyuta. Nilinakili milinganyo ya Hodgkin na Huxley, wanasayansi walioeleza kwa hesabu jinsi nyuroni inavyofyatuka, yaani inavyotoa mpigo wa umeme, nikaiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Mara ya kwanza mstari ulinyooka kama kamba ya kuanikia nguo, hakuna kilichofyatuka. Nikabadilisha hapa, nikabadilisha pale, mara tarakimu zikapanda hadi mamilioni, kisha kompyuta ikaandika "nan, nan, nan" mpaka chini ya ukurasa. Wiki tatu sasa nipo hapo hapo.

Halafu yakaja mengine mawili. La kwanza, mwezi uliopita nilikuwa nimekesha, nikasinzia kazini, mteja wa 5,000 nikamrushia 50,000. Hakurudi. Mjomba hakunigombeza, alinyamaza tu, na mjomba wangu akinyamaza ujue ni balaa. Siku ya pili akaniambia: "Chagua. Kibanda au huo ubongo."

La pili ni mama. Juzi kaniuliza, "Wewe si unasoma mambo ya ubongo? Mtoto ana miezi minne hajaanguka, na hivi vidonge vinamlegeza, darasani anasinzia. Hatuwezi kumpunguzia?" Mtaani wameshaanza kuniita daktari, Shangazi, nikaona aibu kusema sijui. Nikamwambia nitaangalia. Na kweli nimeanza kuangalia.

Je, niendelee au niache? Na nyuroni yangu ina nini?

Mkesha, Makorora

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Umefunga mambo matatu kwenye kanga moja, na lililo zito kuliko yote umelificha pindoni. Naanza na hilo.

Vidonge visipunguzwe. Si nusu, si robo, si kuruka siku moja. Miezi minne bila kuanguka haimaanishi dawa haihitajiki tena. Yawezekana ndiyo inavyofanya kazi. Dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, mtoto anaweza kuingia kwenye kifafa cha mfululizo, hajazinduka kwenye tukio la kwanza linamkamata la pili. Hiyo inaua. Rudi kwa mama leo, si kesho, umwambie maneno haya: "Mama, niliposema nitaangalia nilikosea. Hili mimi silijui." Aibu yake ni ya dakika tano.

Lakini mama naye usimpuuze. Kusinzia kwa mtoto ni madhara yanayojulikana ya baadhi ya dawa hizi, fenobabitoni hasa, na kuna njia za kulitengeneza: daktari anaweza kubadili kiwango, kubadili saa za kumeza, au kubadili dawa yenyewe. Ili afanye hivyo anahitaji habari, na hapo ndipo kijana wa PCB anaposaidia. Nunua daftari la kurasa 40. Kila siku andika saa aliyomeza, saa aliyolala na kuamka, amesinzia kipindi gani darasani, na kama ameanguka, alianguka saa ngapi na kwa dakika ngapi kwa saa ya simu, si kwa kukisia. Mwezi mmoja wa daftari hilo, likiwekwa mezani kliniki, una thamani kuliko kozi zako zote tatu.

Na kwa faida ya wengine wanaosoma hapa: mtu akianguka kifafa mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshike kwa nguvu. Dakika 5 zikipita hajatulia, hospitali.

La mjomba ni jepesi, ingawa hutalipenda. Mjomba yuko sahihi. Shilingi 45,000 ni floti yake, pesa ya kuendeshea uwakala, na ulikuwa umelala juu yake. Mlipe, hata kwa 5,000 kila wiki, na usisubiri akudai. Kisha mpe ratiba badala ya ahadi: usiku wa Ijumaa na Jumamosi ndio wa masomo, siku nyingine saa nne umelala. Kama bando la usiku ndilo unaloliweza, pakua video usiku huo huo, uziangalie mchana wa Jumapili. Unasoma habari za ubongo huku wako unaunyima usingizi! Mimi nilifundisha baiolojia miaka mingi, na wanafunzi wa kukesha niliwajua kwa mate kwenye daftari.

Sasa tuje kwenye nyuroni yako, maana hapo ndipo ninapotaka kukaa.

Unasema milinganyo imekuzamisha. Niambie, jioni mnapofunga kibanda unaandika nini? Salio la asubuhi, jumlisha kilichoingia, toa kilichotoka, unapata salio la sasa. Mlinganyo uliokutoa jasho ni huo huo, ila hesabu inafungwa kila baada ya muda mdogo sana badala ya kila jioni. Utando wa nyuroni unahifadhi chaji kama kibanda kinavyohifadhi floti. Ioni (chembe zenye chaji, kama za sodiamu na potasiamu) zinaingia, ioni zinatoka, na volteji ndiyo salio.

Weka kompyuta pembeni kwanza, chukua penseli. Anza na nyuroni rahisi kuliko ya Hodgkin na Huxley, ambayo chimbuko lake ni kazi ya Mfaransa Louis Lapicque ya mwaka 1907. Ifikirie kama ndoo yenye tundu chini ya bomba: maji yanaingia kwa kasi ile ile, lakini kadiri yanavyojaa ndivyo yanavyovuja zaidi. Yakifika alama fulani, ndoo inafyatuka, inamwagika yote, inaanza upya. Tuseme alama hiyo, yaani kizingiti, ni milivolti 15 juu ya hali ya utulivu. Bomba linasukuma kiasi ambacho, kama kizingiti kisingekuwepo, maji yangetulia kwenye 20. Kila milisekunde moja, chukua 20, toa salio ulilo nalo, gawa kwa 10, ongeza kwenye salio.

Unaanza na 0. Ishirini toa sifuri, gawa kwa kumi: salio ni 2. Hatua ya pili, 20 toa 2 ni 18, gawa kwa kumi ni 1.8: salio 3.8. Ya tatu, 5.42. Unaona kinachoongezeka kinazidi kupungua? Ndiyo tundu la ndoo hilo. Endelea mwenyewe. Hatua ya 13 utakuwa kwenye 14.9 na kidogo, roho juu, na hatua ya 14 utavuka 15. Imefyatuka! Umeifyatua kwa penseli, bila bando.

Kisha rudia, lakini bomba lifunge nusu: badala ya 20 weka 10. Utapanda, utapanda, utaikaribia 10, na hutavuka 15 hata ukikaa mpaka Idi. Hapo utakuwa umekielewa kizingiti kwa vidole vyako, na sidhani kama kuna video itakayokufikisha hapo.

Sasa fungua kompyuta, tuone ile uliyoinakili. Nina dhana tatu, zote ni makosa ya kila anayeanza.

Mstari kunyooka ni kwamba umeisukuma kidogo mno. Kwa milinganyo ile, mkondo wa mikroampea 1 kwa sentimita ya mraba hautoshi. Weka 10 utaona inafyatuka mfululizo. Panda taratibu kutoka 1, uandike ilipoanza.

Zile "nan", yaani "si namba", nazo ni za mfunga hesabu mvivu. Bila shaka hatua yako ya muda ni milisekunde 1. Nyuroni ya ndoo inaivumilia, ya Hodgkin na Huxley haiwezi, kwa sababu mlango wa sodiamu, kitundu cha utando kinachopitisha ioni za sodiamu, unafunguka kwa sehemu ndogo ya milisekunde. Ni kama kufunga hesabu za kibanda mara moja kwa mwezi: unakuta pengo, unalifidia kupita kiasi, mwezi wa pili pengo ni kubwa zaidi upande wa pili, mwisho daftari linachanika. Weka hatua ya 0.01, utakuja kunishukuru.

Dhana ya tatu ni ya kuchanganya vitabu. Mwaka 1952 Hodgkin na Huxley waliihesabu hali ya utulivu kuwa 0, na alama ya kujumlisha na kutoa waliigeuza kinyume na tunavyoandika leo. Siku hizi wengi wanaiweka kwenye milivolti −65, na hapo sodiamu inakuwa +50 na potasiamu −77. Ukichukua kanuni za milango kwa yule na tarakimu za volteji kwa huyu, umepika pilau kwa kipimo cha ubwabwa. Chagua chanzo kimoja, funga vingine.

Na usijione mjinga. Andrew Huxley mwenyewe aliposaka jibu la milinganyo yao, kompyuta ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilikuwa haipatikani. Alikokotoa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na ile sehemu ya msukumo unaosafiri kwenye neva ilimla wiki kama tatu. Wiki tatu, kama zako! Mwaka 1963 yeye na Alan Hodgkin, pamoja na John Eccles, wakapewa Tuzo ya Nobel.

Ila kuna jambo ambalo nina hakika video zako zimelipita mbio, nawe ukiwa Tanga ni dhambi kulikosa. Kazi ile haikufanywa kwa binadamu wala panya. Ilifanywa kwa ngisi. Ngisi ana uzi wa neva mnene ajabu, unaweza kukaribia milimita 1, wakati nyuzi zetu nyingi hazifiki hata moja ya hamsini ya hapo. Ndio unaoubana mwili wake kwa ghafla akirusha maji na kukimbia nyuma. Kwa unene huo waliweza kupenyeza waya ndani ya uzi wenyewe na kupima volteji.

Basi Jumapili asubuhi nenda soko la samaki la Deep Sea, uwahi kabla wenye hoteli hawajafika. Nunua ngisi mmoja mbichi wa leo, si wa barafu. Mpasue kwa urefu upande wa tumbo, mfungue kama kitabu, toa matumbo polepole. Tazama ukuta wa ndani karibu na shingo, kushoto na kulia ya ule unyoya mgumu wa mgongoni: utaona vifundo viwili vyeupe vyenye nyuzi zinazotawanyika kama miale ya nyota. Nyuzi zile ndizo. Ukiinua moja kwa ncha ya sindano, umeinua kitu ambacho milinganyo yako inakieleza. Kisha mpe mama amwunge nazi.

Nicheke kidogo: milinganyo uliyonakili ni ya ngisi aliyewekwa kwenye nyuzijoto 6.3. Hiyo ni baridi ya friji. Ngisi wa Deep Sea angehesabiwa kwa joto lake mambo yote yangekwenda haraka zaidi, na ukipandisha mno joto kwenye milinganyo hiyo, mpigo unasinyaa mpaka unakufa. Jaribu siku moja.

Sasa swali lako la mwanzo, vidonge vinamgusa nani. Baadhi, kama kabamazepini na fenitoini, vinang'ang'ania milango ya sodiamu, hasa ile iliyochoka kwa kufyatuka mfululizo, ili isifyatuke tena upesi. Fenobabitoni inakwenda njia nyingine, inaongeza nguvu ya zile ishara za kutuliza baina ya nyuroni. Kwenye programu yako kuna tarakimu 120, uwezo wa milango ya sodiamu. Ishushe hadi 100, 80, 60, uone mpigo unavyofanya. Utapata harufu ya jinsi dawa ya aina ile ya kwanza inavyofanya kazi. Harufu tu, mwanangu, chakula bado kiko mbali.

Kwa sababu nyuroni moja haiwezi kuwa na kifafa. Kifafa ni wengi kufyatuka pamoja bila kupokezana, kama ngoma ambayo kila mpigaji kaacha zamu yake wakapiga kishindo kimoja. Kuna mnyoo mdogo wa utafiti mwenye nyuroni 302. Ramani ya maungano yake ilichapishwa mwaka 1986, na mpaka leo hakuna aliyeweza kumwiga mnyoo huyo kikamilifu kwenye kompyuta. Ubongo wa mtu una nyuroni kama bilioni 86. Kwa hiyo mtu anayetoka kwenye mstari mmoja wa kompyuta ya mtumba moja kwa moja hadi kwenye kidonge cha mdogo wake, karuka bahari. Wanaokuita daktari wakubali wakuite fundi simu, utalala vizuri zaidi.

Uendelee? Ndiyo, lakini kozi ya nne usiifungue. Una ugonjwa wa kukusanya video. Kaa na nyuroni moja mpaka uijue kama unavyomjua mteja wa kila siku. Ikishatulia, kuna programu ya Brian ya kuiga nyuroni, ya bure, unaitumia ndani ya Python hiyo hiyo, na kompyuta yako itaiweza. Hapo utaunganisha nyuroni mbili, kisha kumi. NEURON nayo ni ya bure, ila iache kwa sasa, ni jembe la shamba kubwa. Baadaye tafuta masomo ya Neuromatch, wanaofundisha sayansi ya ubongo mtandaoni, walioanza mwaka 2020. Yamewekwa wazi, yana mazoezi ya kuandika mwenyewe, si kutazama tu. Hesabu za kalkulasi utazisoma njiani, kila moja siku unapoihitaji.

Na ujifunze kuyasema haya kwa Kiswahili cha mama. Nakuonya, neno "mshipa" litakutesa. Kwa mama mshipa ni wa damu, ni wa fahamu, ni kano, na kuna mshipa wa wanaume ambao hautajwi mbele ya wakwe. Ukimwambia tu "tatizo liko kwenye mishipa", atampeleka mtoto kukandwa. Mwambie ni umeme mdogo unaotengenezwa na chumvi, mwonyeshe uzi wa ngisi. Nadhani mama aliyeuona uzi ule kwa macho yake hatakuwa na haraka ya hirizi nyingine, ingawa mama zetu nawajua, atavaa na hirizi na vidonge atampa.

Zoezi la mwisho. Nyuroni ikishakaa sawa, usiisukume juu. Ivute chini: ipe mkondo wa −10 kwa milisekunde 50, kisha uukate ghafla, usiongeze kitu. Kabla hujabonyeza, andika kwenye daftari unadhani itafanya nini baada ya kuachiwa, na kwa nini. Andika kwa wino, usije ukafuta. Kisha bonyeza, uniletee vyote viwili, ulichodhani na ulichokiona. Jibu nalijua, na sikwambii.

Shangazi